Holland, Super, Lent na wenzake, Krumboltz au Savickas: nadharia ipi ya ushauri wa kazi itakufaa wewe na mtu aliyekaa mbele yako

Kama umepewa kitengo cha ushauri nasaha shuleni, au unasomea unasihi na umefika kwenye zile nadharia za kazi, au uko kwenye ofisi ya chuo unahangaika na wahitimu, hii ni yako. Vitabu vinakupa nadharia nyingi, kila moja na mchoro wake, na ukizisoma zote zinaonekana za kweli, afu anaingia dogo wa Form Four anakwambia "Sir mi nachanganyikiwa, nichukue PCM au EGM?" (hizo ni kombi, masomo matatu ya Form Five: Fizikia, Kemia na Hisabati, au Uchumi, Jiografia na Hisabati), na hakuna mchoro hata mmoja unaokuja kichwani.

Mzizi wa haya mambo ni Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi Boston mwaka 1908, na kitabu chake kikatoka 1909 akiwa ameshafariki. Alisema mambo matatu tu: jijue, zijue kazi, halafu tumia akili kuunganisha hivyo viwili. Karibu kila aliyekuja baadaye alikuwa anarekebisha hapo au anabishana napo. Na kwa nilivyoziona zikitumika, hizi nadharia hazigombanii swali moja, kila moja imetengenezwa kwa aina fulani ya kukwama, kwa hiyo ukichukua ile unayoipenda wewe ukamwekea kila anayeingia mlangoni, wengine utawasaidia na wengine utawachosha bure.

Nimechukua tano zinazotumika sana. Nadharia ni nyingi kuliko hizo ila hizi ndo utakutana nazo.

Nimezipima kwa nini

Kwanza, inajibu swali gani, maana hapo ndo penye uamuzi wote. Pili, kikao chenyewe kinakwendaje, yaani mtu akikaa unamwambia nini na mnafanya nini. Tatu, gharama na muda, kwa sababu mwalimu mmoja mwenye vipindi ishirini na kitu kwa wiki na wanafunzi mia kadhaa hawezi kufanya kama mshauri binafsi anayelipwa kwa saa. Nne, inakaaje huku kwetu Tanzania, ambako matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA, ada, mzazi na mkopo vinaamua mambo mengi kabla mtoto hajafungua mdomo. Mwisho, inamfaa nani na haimfai nani.

1. Holland na herufi sita

John Holland alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshini akihoji askari wapya ili wapangiwe kazi, na hapo akaanza kuona kwamba watu wengi wanaangukia kwenye mafungu machache tu. Wazo lake alilichapisha 1959. Mafungu ni sita na yanajulikana kwa herufi RIASEC: R ni mtu wa vitendo, zana, mashine, shamba, I ni mchunguzi, A msanii, S wa kuhudumia na kufundisha watu, E wa kushawishi, kuuza, kuongoza, C wa utaratibu, mafaili na mahesabu. Yamepangwa kwenye umbo la pembe sita, yaliyo jirani yanafanana na yanayotazamana yako mbali kabisa, kwa mfano R na S, au A na C.

*Swali inalojibu:* mimi ni mtu wa aina gani, na watu wa aina yangu wako kwenye kazi zipi?

*Kikao:* anajaza dodoso, anapata herufi tatu zenye alama kubwa, mnaangalia kazi zenye herufi hizo. Imeisha. Uzuri wake ni kwamba mtoto anatoka na kitu mkononi na maneno ya kujielezea, na kwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa anapenda nini hilo sio dogo.

*Gharama na muda:* hapa inazishinda zote. Wizara ya Kazi ya Marekani ina dodoso la bure mtandaoni, toleo lake fupi lina maswali 60, na darasa zima linaweza kulijaza kwa kipindi kimoja au viwili kama kompyuta zipo.

*Huku kwetu:* sasa hapa tukae kidogo. Dodoso ni la Kiingereza na linauliza unapenda kiasi gani kutengeneza makabati ya jikoni, kununua na kuuza hisa na hati fungani, kupanga na kugawa barua za ofisi. Makabati sawa, seremala yuko mtaani. Hisa je? Barua za ofisini mtoto wa shule ya kata kazionea wapi? Anachofanya ni kuweka alama pale katikati, "sina uhakika", swali baada ya swali, na matokeo yanatoka yamelala, herufi zote zinalingana. Mshauri mgeni anasoma hayo matokeo anasema huyu dogo hana mapendeleo. Mapendeleo anayo sana, siku za likizo anafungua simu zilizoingia maji na anazirudisha, ila hakuulizwa hivyo.

Ndo maana wengi wanaishia kuandika maswali yao: unaonaje kukaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa na kufunga hesabu jioni, kutafuta kwanini kuku wa banda hili wanakufa na wa banda lile wazima, kusuluhisha wanachama wa vikoba waliogombana, kubuni mshono wa kitenge ambao hakuna aliyewahi kuuvaa. Fanya hivyo, inasaidia mno, ila ujue ukishabadilisha maswali umeshatoka kwenye kipimo umeingia kwenye mazungumzo, usimpe mtoto alama kana kwamba ni majibu ya maabara. Na hata kipimo chenyewe cha asili, tafiti zinaonyesha kwamba kufanana kwa mtu na kazi yake kunahusiana kweli na kuridhika kazini, lakini kwa kiasi kidogo kuliko watu walivyotarajia.

*Inamfaa:* mwanafunzi ambaye hajui aanzie wapi lakini milango bado iko wazi, na mwalimu mwenye darasa kubwa. Haimfai aliyeshajua anachotaka ila ana kizuizi, huyo ukimpa dodoso utakuwa unamzungusha.

2. Super na hatua za maisha

Donald Super alianza kuandika nadharia yake mwaka 1953, na alichobishana nacho ni hii dhana kwamba kuchagua kazi ni tukio la siku moja. Yeye anasema ni mwendo wa maisha yote: kukua mpaka kama miaka 14, kutafuta kuanzia 15 mpaka 24, kujijenga 25 mpaka 44, kudumisha 45 mpaka 64, halafu kupunguza na kuachia. Baadaye, 1980, akaleta upinde wa mvua wa maisha, mchoro unaoonyesha nafasi ambazo mtu anazibeba kwa wakati mmoja, mtoto wa watu, mwanafunzi, mfanyakazi, raia, mzazi, mwenye nyumba, na kila nafasi inakula muda kiasi gani kwenye umri gani.

*Swali:* niko wapi kwenye safari hii, na nini kinatakiwa kufanyika sasa hivi?

*Kikao:* karatasi na penseli. Mnachora upinde, anapaka rangi nene pale panapomla sana, mnatazama. Kwa wadogo unaangalia kama ameiva kuamua, amewahi kutafuta habari, anajua kuna nini huko mbele. Asipokuwa ameiva humsukumi achague, unampa kazi ya kwenda kutafuta.

*Gharama na muda:* hela hakuna, ila kikao kimoja hakitoshi, na kwa mwalimu maana yake ni programu ya miaka, Form One hadi Four.

*Huku kwetu:* miaka yake inabidi uishike kwa mkono mlegevu. Super alianza kufuatilia wavulana wa darasa la tisa wa mji mmoja mdogo wa jimbo la New York mwaka 1951, na Marekani ya miaka ile kijana alikuwa anamaliza shule anapata ajira anatulia. Huku mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa tayari anauza maji stendi, na mhitimu wa miaka 29 bado yuko kwenye kutafuta na sio uzembe, ajira hazipo. Mtumishi wa umma anastaafu kwa hiari 55 na kwa lazima 60, na wengi siku hiyo ndo wanaanza kufuga na kujenga fremu, yaani kitabu kinasema aachie wakati yeye anaanza upya. Super mwenyewe alikubali kwamba watu wanarudi nyuma na kuzunguka hatua upya, kwa hiyo ukimtumia vizuri hakubani, tatizo ni wanaosoma ile jedwali ya umri kama sheria.

Pale kwenye upinde wa mvua ndo naona nadharia hii imetutendea haki kuliko zote. Mama wa miaka 38 anayesoma Chuo Kikuu Huria, ana kazi, ana watoto watatu, mama mkwe amekuja kutibiwa na amefikia kwake, na anajiona hana akili kwa sababu ameshindwa kumaliza moduli mbili. Mchoree. Akiona mwenyewe nafasi ngapi zimerundikana juu ya mwaka mmoja, mazungumzo yanahama kutoka "mimi sijiwezi" kwenda "nini kisogezwe".

*Inamfaa:* watu wazima wenye majukumu mengi, na shule inayotaka kupanga programu nzima. Haimfai mtu ambaye fomu yake inafungwa Ijumaa.

3. Lent, Brown na Hackett: unaamini unaweza?

Hawa watatu walitoa nadharia yao 1994, wakijenga juu ya mwanasaikolojia Albert Bandura aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kufanya jambo fulani. Kabla yao, 1981, Hackett na Betz walishaonyesha kwamba wasichana wa chuo walijiona hawawezi kazi zinazoitwa za kiume, hata pale ambapo uwezo wao haukuwa na tofauti na wa wavulana. Kwa hiyo nadharia inasema: mapendeleo hayaanguki kutoka mbinguni, yanakua pale mtu anapoamini anaweza na anapotegemea kwamba kitamlipa, na katikati ya hapo na kuchagua kuna vizuizi na misaada.

*Swali:* nini kimeniondoa kwenye orodha kabla hata sijajaribu?

*Kikao:* kuna zoezi moja la kadi ambalo mimi nalipenda kuliko dodoso lolote. Kata manila vipande, andika kazi, nesi, fundi umeme, mhasibu, mpima ardhi, daktari wa mifugo, wakili, mpishi wa hoteli, afisa ugani, rubani, changanya za ofisini na za mtaani. Anazipanga mafungu matatu: naweza kuchagua, sitachagua, sijui. Lile fungu la kwanza liache kwanza. Chukua la pili.

"Mpima ardhi mbona umemweka huku?"

"Aah Madam, ile si hesabu tupu."

"Form Two hesabu ulipata ngapi?"

"B."

"Na saa hizi?"

"D. Tangu yule mwalimu wetu ahamishwe."

"Na daktari wa mifugo?"

Anacheka. "Ng'ombe mambo ya kina baba hayo."

Umeona? Kadi mbili, sababu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni uzoefu wa kufaulu uliokatika, hajashindwa hesabu, amekosa mwalimu. Ya pili ni kwamba hajawahi kuona mwanamke kama yeye akiifanya hiyo kazi. Bandura anataja vyanzo vinne vya hiyo imani: kufaulu mwenyewe, kuona mtu anayefanana na wewe amefaulu, kuambiwa na watu unaowaamini, na hali ya mwili na moyo, kama ile hofu inayokubana tumbo kwenye chumba cha mtihani. Kwa binti huyu dawa ya kadi ya kwanza ni maswali ya mitihani iliyopita kuanzia mepesi anayoyaweza, ya pili ni safari ya kwenda ofisi ya mifugo ya halmashauri kama kuna afisa mwanamke, akae naye nusu siku.

*Gharama na muda:* manila na mkasi, ila muda unahitajika, kipindi kizima kwa mtu mmoja. Kikundi cha watu watano sita kinawezekana, na wakati mwingine ni bora kwa sababu wanabishana wao kwa wao.

*Huku kwetu:* inakaa vizuri maana inakubali kwamba vizuizi vipo, haijifanyi kila mtu ana uhuru wa kuchagua. Ila kuna mtego. Kuna kizuizi kilichoko kichwani na kuna kizuizi kilichoko mfukoni, na mshauri akishaipenda hii nadharia anaanza kutibu kila kitu kwa "jiamini". Ada ni ada. Mtoto asiye na nauli ya kwenda shule au chuo alichopangiwa hahitaji kujengewa imani, anahitaji kujua Bodi ya Mikopo inataka nini, chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu kina fani gani, na nani kwenye ukoo anaweza kushika nauli.

Kidogo pembeni: Linda Gottfredson aliandika 1981 kwamba watoto wanaanza kufuta kazi kwa sababu ya jinsia kati ya miaka 6 na 8, na baadaye wanafuta kwa hadhi ya kazi. Maana yake unapompata Form Four umeshachelewa kidogo, lile fungu la "sitachagua" lilijazwa darasa la pili.

*Inamfaa:* mwenye uwezo anayejipunguza, wasichana kwenye sayansi na ufundi, watoto wenye ulemavu walioambiwa "wewe hii haikufai", yeyote aliyefeli mara moja akafunga ukurasa. Kwa mtu anayejiamini tayari na tatizo lake ni kupenda vitu vingi mno, haitakuwa na la kumwambia.

4. Krumboltz na bahati unayoitengeneza

John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa anasimulia kwamba alipobanwa chuoni atangaze somo lake kuu alienda kumuuliza kocha wake wa tenisi, kocha alikuwa mwalimu wa saikolojia, basi akachukua saikolojia. Mwaka 1999 yeye na wenzake wawili wakaandika kwamba bahati ina nafasi kubwa kwenye maisha ya kazi na mshauri asione aibu kuisema, kazi yake ni kumfundisha mtu kukutana na bahati nyingi na kuzitambua zikija. Stadi wanazotaja ni udadisi, kung'ang'ana, kunyumbulika, matumaini na kuthubutu.

*Swali:* nifanye nini kesho asubuhi wakati sijui mbele kuna nini?

*Kikao:* unamuuliza mambo mazuri yaliyomtokea bila kupanga, na yeye alifanya nini kabla na baada ya hapo. Watu wengi wanasema "ilitokea tu", ukichimba unakuta alikaa kusaidia kupanga viti baada ya semina ndo akaongea na yule mtu. Halafu mnakubaliana jambo moja dogo la kufanya kabla hamjaonana tena, liwe la vitendo, apige simu, aende, aombe kujitolea wiki moja.

*Gharama na muda:* ndogo sana, hata dakika 20 zinatosha, hata kwa simu.

*Huku kwetu:* mtu yeyote aliyepata mchongo kupitia mtu waliyekaa naye kwenye msiba anaielewa hii bila darasa. Kwa uchumi ambao watu wengi wanajiajiri na kazi zinabadilika, inaongea lugha ya mtaani. Shida ni kwamba bahati haigawanywi sawa, mwenye mjomba ofisini anakutana na bahati kila Jumapili akienda kusalimia, na ukimwambia kijana wa kijijini "thubutu tu" bila kumuunganisha na mtu yeyote umempa maneno. Na kuna mahali haifanyi kazi kabisa: mfumo wa Selform, ule wa kujaza kombi na shule au chuo unachotaka baada ya Form Four, haukusubiri, una tarehe, unataka kombi.

*Inamfaa:* mhitimu anayesubiri ajira, kijana aliyekosa nafasi aliyoitaka, mtu aliyegandishwa na hofu ya kuchagua vibaya. Haiwafai wanaohitaji kuamua jambo moja kubwa leo, wala mtu ambaye tayari anarukaruka kila mwezi, huyo utamuongezea petroli.

5. Savickas na hadithi ya mtu

Mark Savickas anasema kazi unaijenga kwa kuielezea, mtu ana hadithi na mshauri anamsaidia kuisikia mwenyewe na kuandika sura inayofuata. Mahojiano yake yana maswali matano: ulipokuwa mdogo ulimhusudu nani, unafuatilia vipindi au magazeti gani, hadithi au filamu gani unaipenda sasa hivi, msemo gani unauishi, na mambo ya kwanza kabisa unayoyakumbuka utotoni. Upande wa pili anazungumzia uwezo wa kujirekebisha na mabadiliko, kwa sehemu nne: kuijali kesho, kujiona una mamlaka na maamuzi yako, udadisi na kujiamini. Kuna kipimo chake cha maswali 24 kilichotolewa 2012 baada ya kujaribiwa kwenye nchi 13.

*Swali:* haya yote niliyopitia yana maana gani, na yananipeleka wapi?

*Kikao:* unauliza, unaandika maneno yake kama alivyosema, kikao kinachofuata unamsomea hadithi yake na mnairekebisha pamoja. Swali la msemo huku halijawahi kumshinda mtu, kila mtu ana methali, au jina la kanga ya bibi yake, au maandishi aliyoyaona nyuma ya bajaji yakamkaa. Lile la magazeti ligeuze, uliza anafuatilia nini YouTube au redio gani.

*Gharama na muda:* kubwa. Vikao viwili vitatu vya maana kwa mtu mmoja, na mshauri aliyefundishwa. Kwa mwalimu mwenye Form Four mia mbili sahau.

*Huku kwetu:* kusimuliana tunajua. Kilicho kigumu ni faragha, maana kumbukumbu za kwanza za utotoni zinaweza kuleta msiba, kipigo, njaa, na ofisi yenyewe ya ushauri iko ndani ya stafu rum ambako walimu wanne wanasahihisha madaftari. Kama huna chumba cha kufunga mlango, na kama hujui utafanya nini akianza kulia, ruka swali hilo.

*Inamfaa:* mtu mzima aliyepunguzwa kazini, aliyesoma kozi kwa sababu ndo alipangiwa na sasa ana miaka kumi kazini haioni maana, aliyerudi kutoka nje na anaanza upya. Kwa mtoto wa miaka 14 hadithi bado ni fupi.

Na mzazi yuko wapi?

Utaona kote humu mtu ni mmoja, amekaa na mshauri, anaamua. Zote tano zimetoka Marekani na hilo linaonekana. Huku mwenye ada ana kauli, na kuna baba mkubwa Dodoma ambaye hajawahi kuonana na mtoto lakini ameshasema asome sheria. Kuna Patton na McMahon wa Australia ambao wanamchora mtu katikati na kumzungushia miduara, familia, shule, jamii, nchi, muda, na bahati, na kazi yao imetumika mpaka Afrika Kusini. Sijaiweka kama chaguo la sita kwa sababu naiona zaidi kama karatasi ya kuanzia, unachora miduara dakika kumi, unajua ni nguvu gani zinavuta wapi, halafu ndo unaamua uchukue ipi kati ya tano.

Kwa hali yako

Una darasa zima la Form Two wanaoenda kuchagua sayansi au sanaa, muda huna: anza na herufi za Holland kwa maswali uliyoyaandika kwa lugha yao, kisha wale ambao matokeo yamelala au wanaokataa sayansi kabla ya kuulizwa waite kwa vikundi na kadi. Hapo Holland anakuchujia, Lent na wenzake wanafanya kazi yenyewe.

Uko Kenya na watoto wa gredi ya tisa wanachagua mkondo wa sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii au sanaa na michezo: herufi zinaoana na mikondo vizuri kiasi kwamba inashawishi kuzitumia peke yake. Weka Super pembeni akukumbushe kwamba umri huo ndo kwanza kutafuta kumeanza, kwa hiyo mzazi aulizwe pia mkondo upi unaacha milango mingi wazi mtoto akibadilika akiwa gredi ya kumi na moja.

Matokeo yametoka Januari, dogo alitaka PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na fizikia imemuangusha, na kwenye Selform muda wa kubadili unahesabika: hapa usifungue nadharia ndefu. Orodhesha masomo aliyopata krediti, kombi zinazowezekana, fani za vyuo vya kati zinazochukua alichonacho, na kila mlango unaelekea wapi. Ni Parsons mtupu. Krumboltz atafuata wiki ijayo, akishatulia, maana anayedhani maisha yameisha kwa sababu ya D moja anahitaji kusikia njia ambazo watu walizipita bila kuzipanga.

Mhitimu wa miaka miwili mtaani, CV imetumwa kila mahali: Krumboltz, lakini kila kikao mpe jina la mtu halisi wa kwenda kumuona, usimpe hamasa. Akianza kusema "mi nadhani sina uwezo", hamia kwenye kadi na vyanzo vinne.

Mtu mzima mwenye kazi, familia na masomo kwa pamoja, mchoree upinde. Mtu mzima ambaye kazi imekatika na anasema hajui yeye ni nani tena, tafuta chumba chenye mlango, umpe Savickas.

Na mzazi akija amemshika mtoto mkono anasema "Mwalimu huyu anakuwa daktari, mwandikie PCB", msalimie vizuri, mpe kiti, usibishane naye kuhusu nadharia yoyote. Mpe mtoto kadi azipange pale mezani mbele yake, na kila kadi inayoenda kwenye "sitachagua" muulize mtoto sababu, mzazi akiwa anasikiliza. Kisha mpe mzazi zile zile, azipange anavyodhani mwanae angezipanga, muone zinapogongana.